Mazungumzo ya Juma: Lala Chini Utazame

Juma hili nataka tuzungumze habari za magari makuukuu ya njia mbovu, yale yenye nguvu za kupanda milima na kukata matope: Land Rover, Land Cruiser, Hilux na ndugu zao. Najua ya kuwa wengi wenu mnaweka akiba shilingi kwa shilingi ili mpate kununua moja, ama kwa fedha zenu wenyewe ama kwa chama. Ninalo neno la kuwaambia juu ya jambo hili. Neno lenyewe nimelinunua kwa fedha za mtu mwingine, na ndiyo sababu halinitoki moyoni.

Mwanzo wa mwaka 2019 kaka yangu, ambaye ni mkulima huko Kinangop, aliniletea habari kwamba amepata fedha za kununua gari. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa maziwa, na sehemu iliyobaki alikopeshwa na chama cha akiba na mikopo. Jumla ilikuwa shilingi 620,000. Alitaka gari la kutolea viazi shambani, na mara moja kwa juma kuvileta katika soko la Wakulima hapa Nairobi. Njia ya kwao wakati wa masika huwatoa machozi hata wenye trekta. Basi alisikia kwamba katika mtaa mmoja wa huku Eastlands pana Land Rover ya kuuzwa. Mimi nakaa Jericho, si mbali na mahali pale. Akanipigia simu akasema, "Mdogo wangu, wewe umesoma, tena uko karibu. Kalitazame. Ukisema ni zuri, nitaleta fedha."

Nilikwenda siku ya Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, tai, na viatu nilivyoving'arisha, maana baadaye nilialikwa arusini. Gari lilikuwa limesimama uwanjani katikati ya nyumba, limepakwa rangi ya kijani, na kusuguliwa hata mtu aliweza kujiona uso. Watoto walikuwa wamelizunguka. Mwenye gari alinikaribisha kwa adabu, akaniita Bwana Karani, akaniletea chai. Nami, kama ilivyo kazi yangu ya kila siku, nikaomba makaratasi kwanza. Nikasoma neno kwa neno. Nambari zililingana, jina lililingana, wala halikuwa na deni la benki. Nikafungua boneti, nikaona injini safi. Nikaiwasha, ikaunguruma vema. Nikaugonga mlango kwa kidole, naye akacheka akasema, "Usihofu kutu, bwana. Hii ni Land Rover, mwili wake ni alumini. Alumini haishiki kutu."

Neno hilo lilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonipoteza.

Nilikuwa nimefuatana na kijana mmoja fundi, mtoto wa jirani, ambaye hufanya kazi katika magereji ya Kariobangi Light Industries. Aliinama, akaninong'oneza, "Mkubwa, tuingie chini kidogo?" Nikaitazama ardhi. Ilikuwa vumbi tupu na mafuta meusi. Nikalitazama shati langu. Tena niliona haya kumwonyesha mwenye gari, ambaye chai yake ilikuwa mkononi mwangu, kwamba simwamini. Nikamjibu kijana, "Haina haja." Jioni ile nikampigia kaka simu, nikamwambia, "Ni zuri. Nimelitazama."

Haikupita miezi mitano. Kaka alikuwa akipanda kilima kidogo, gari limebeba magunia 14 ya viazi, kila gunia kilo 50, mzigo ambao gari la namna ile laweza kuuchukua pasipo taabu. Akasikia mlio kama wa tawi kubwa linalovunjika, na upande wa nyuma wa kushoto ukaketi juu ya gurudumu. Mahali springi inapofungiwa palikuwa pameng'oka. Hakuumia mtu, maana gari lilikuwa likienda mwendo wa miguu. Lau kama jambo hilo lingalitokea kwenye barabara kuu ya Naivasha, katikati ya malori, huenda leo nisingekuwa na kaka.

Fundi wa kijijini akaja na nyundo, akagonga; nyundo ikaingia ndani. Alipobandua lami nyeusi iliyopakwa chini, akakuta kipande cha debe la mafuta ya kupikia, na maandishi yake yangali yasomeka. Nyuma ya debe kulikuwa na gunia lililoshindiliwa kwa saruji. Chuma chenyewe alikipukuta kwa mkono kama majani makavu. Gari likawekwa juu ya mawe nyuma ya zizi, likakaa hapo miezi saba. Na kila mwezi mkopo ulikatwa katika fedha za maziwa, kana kwamba gari latembea. Viazi akawauzia madalali pale pale shambani, kwa bei waliyoipenda wao.

Kaka hakunikemea hata siku moja. Alisema neno moja tu: "Ungaliniambia kwamba hukutazama chini, ningalikuja kutazama mwenyewe."

Wasomaji, tangu siku ile nilianza kujifunza mambo ambayo yalinipasa kuyajua kabla ya kufungua kinywa changu. Nimekaa na mafundi, nimeuliza, nimelala chini ya magari mengi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Gari la namna hii ni vitu viwili. Kitu cha kwanza ni mwili, yaani milango, boneti, paa na kibanda, ambavyo macho huona. Cha pili ni chasisi, nayo ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyolazwa toka mbele hata nyuma, ikaunganishwa kwa vyuma vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa chini. Injini, abiria na mzigo hukaa juu yake. Springi na magurudumu hufungwa chini yake. Mwili waweza kubonyeka na gari likaendelea kutembea. Chasisi ikivunjika, gari limekwisha.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili mwaka 1948. Siku hizo vita vilikuwa vimekwisha kitambo kidogo tu, na chuma kilikuwa adimu huko Uingereza, kikigawanywa kwa kibali. Kwa sababu hiyo waundaji walitengeneza mwili kwa namna ya alumini. Lakini chasisi haikuweza kuwa ya alumini. Hiyo waliiunda kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja yakafanya kasha refu, lililo tupu ndani. Gari hili likaenea Afrika ya Mashariki yote. Katika miaka ya 1950 raia wengi wa mashambani walilijua kuwa ni gari la D.C., la polisi na la bwana shamba. Umbo lile la zamani liliendelea kuundwa, likibadilishwa kidogo kidogo, hata tarehe 29 Januari mwaka 2016, lilipotoka la mwisho katika kiwanda cha Solihull. Basi kila moja unaloonyeshwa leo limekwisha kula chumvi nyingi. Nasema hivyo kwa maana mbili.

Kutu huzaliwa vitu vitatu vikikutana: chuma, maji na hewa. Chumvi ikiongezwa, kazi huenda mbio. Sasa lifikirini lile kasha. Lina matundu madogo ya kutolea maji. Matope yakiingia yakakauka, matundu huziba; mvua ya pili ikija, maji hayana pa kutokea. Hapo kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje, hali rangi ya nje ingaliko. Siku unapoona malengelenge madogo juu ya rangi, ujue ya kuwa ndani kazi ilifanyika zamani. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Nami naongeza kwamba kilacho gari ki ndani ya kasha lake. Ndiyo maana mwili wa Land Rover waweza kung'aa kama sinia, na chini mihimili imekuwa maganda. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Land Rover peke yake. Magari makuukuu mengi yaingiayo nchini mwetu kwa bandari ya Mombasa hutoka Japani, na sheria yetu hairuhusu yaliyopita umri wa miaka 8. Mtu husema moyoni, miaka 8 si mingi. Lakini upande wa kaskazini wa Japani, kama kule Hokkaido, theluji huanguka kila mwaka, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililokaa huko miaka sita limeoga maji ya chumvi mara sita kwa majira mazima ya baridi. Uingereza nao hufanya vivyo hivyo. Na hapa kwetu, gari lililofanya kazi Malindi, Lamu au Mombasa karibu na ufuo limevuta hewa ya chumvi kila siku. Kwa hiyo unapouliza, "Limetembea maili ngapi?" uulize pia, "Limeishi wapi?"

Wala usitegemee jina la kiwanda. Huko Marekani, kampuni ya Toyota ilikubali mwaka 2016 kumaliza kesi ya wenye magari yake ya namna ya Tacoma, Tundra na Sequoia, ambao walishtaki kwamba chasisi zao zilioza mapema. Magari yenyewe yalikuwa kama milioni moja na nusu, na gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali kuyakagua magari hayo na kubadilisha chasisi zilizotoboka. Ikiwa kiwanda kikubwa namna ile kilifikishwa mbele ya hakimu kwa ajili ya kutu, mimi na wewe ni nani hata tukatae kuinama tutazame?

Haya, sasa tuingie chini. Vyombo vinavyotakiwa havifiki thamani ya debe la petroli: nyundo ndogo, bisibisi ndefu, sumaku, kipande cha waya, tochi au simu yenye taa, na gunia la kulalia. Vaa nguo za shamba. Mwombe mwenye gari ruhusa ya kugonga, maana gari bado ni mali yake. Akikataa usigonge wala usilale chini, umekwisha kujibiwa. Rudi nyumbani.

Neno moja kabla ya yote. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na watu hufa. Land Rover kwa kawaida iko juu ya ardhi kiasi cha kumwezesha mtu kuingia pasipo kuliinua. La sivyo, lipelekeni kwenye gereji yenye shimo au mashine ya kuinulia. Gharama yake ni ndogo kuliko mazishi.

Anza nyuma, maana huko ndiko uovu mwingi hukaa. Chuma cha kukingama cha mwisho kabisa, kile kinachobeba ndoano ya kuvutia trela, hupigwa na matope ya magurudumu siku zote. Kigonge toka upande mmoja hata mwingine. Chuma kizima hulia kwa sauti kali kama kengele, na nyundo huruka. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, bubu, kama mtu anayegonga gogo, na nyundo hubaki pale pale. Sikio la mkulima ambaye amepata kuchagua chungu sokoni litaelewa mara moja. Mahali sauti inapobadilika, weka ncha ya bisibisi usukume. Ikizama, huna haja ya kumwita shahidi mwingine.

Kisha fuata mihimili kwenda mbele. Tazama sana mahali springi zinapofungiwa, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Hapo ndipo mzigo wote hutundikwa, na hapo ndipo pale palipomwangusha kaka. Tazama juu ya ekseli ya nyuma, mahali chasisi inapopinda kwenda juu, kwa kuwa matope hukaa hapo na maji ya kuoshea hayafiki. Tazama karibu na tangi la petroli na juu yake, ambapo mkono hupenya kwa shida. Tazama chini ya betri, maana asidi ikimwagika hula chuma. Tazama ile mikono mifupi inayotoka kando ya mihimili kushika mwili. Katika Land Rover, usisahau ukuta ulio kati ya injini na dereva: huo ni wa chuma, si alumini, nao huoza miguuni pa dereva na penye bawaba za milango. Nyanyua mkeka wa sakafu utazame. Kadhalika mahali alumini na chuma vinapogusana, utaona unga mweupe. Huo ni alumini yenyewe ikiliwa.

Sumaku ina kazi yake. Juu ya mlango wa Land Rover haitashika, maana alumini haivutwi na sumaku, usitishike. Lakini kwenye chasisi yapasa ishike kwa nguvu kila mahali. Pale inapolegea, pana kitu kingine kati yake na chuma, labda lami nene, labda saruji na gunia kama ya kaka yangu. Waya nao uutie katika matundu ya kutolea maji, uuzungushe. Vikitoka vumbi kidogo na udongo, ni kawaida. Vikitoka magamba mekundu mapana kama ukucha, ujue kasha laliwa.

Ukiwa bado chini, tazama mifereji ya breki, ile mirija myembamba ipitayo ubavuni mwa chasisi. Aghalabu nayo ni ya chuma. Usiigonge kwa nyundo. Ifute kwa kitambaa. Ikiwa imevimba na kuchubuka, ibadilishwe kabla gari halijasogea, maana siku itakapopasuka ndiyo siku utakayokanyaga breki kwa nguvu zako zote.

Sasa juu ya rangi mpya na lami mpya chini ya gari la zamani. Lami si dhambi. Mtu mwema huipaka ili kulinda chuma chake. Lakini ukikuta imepakwa jana, nayo ingali yanukia, uliza: je, ilipakwa ili kulinda au ili kuficha? Nyundo itakupa jibu. Vile vile kuchomelea si aibu. Fundi mzuri hukata chuma kibovu chote mpaka afikie chuma kizima, kisha huchomelea bamba jipya lenye unene ule ule, na mshono wake huonekana sawa toka mwanzo hata mwisho. Fundi mvivu hubandika kiraka juu ya kidonda, na kidonda huendelea kula chini yake. Ukikuta kiraka juu ya kiraka, hesabu vazi hilo kuwa limechakaa.

Na makaratasi je? Mimi ni karani, siwezi kuyadharau. Tafuta nambari ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na hati ya usajili, kisha uulize katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kwa mtandao wa serikali. Ikiwa mahali pa nambari pamechomelewa au pameparuzwa, ondoka mara moja. Huko Uingereza wako wanaounda chasisi mpya za Land Rover zilizopakwa zinki, nazo ni nzuri. Lakini gari lililobadilishwa chasisi lazima badiliko hilo lionekane katika kumbukumbu. Kwa ufupi, karatasi hukuambia gari ni la nani. Haikuambii kama litafika nyumbani.

Ukimaliza kutazama, upime uliyoyaona kwa haki. Wekundu mwembamba wa juu, ambao ukisuguliwa kwa brashi ya waya chuma kizima hutokea chini yake, si ugonjwa, ni uzee. Lisugue, lipake, liendeshe. Tundu moja mahali pasipobeba mzigo laweza kutengenezwa. Mwulize fundi gharama, uipunguze katika bei. Lakini mihimili yenyewe ikiwa imeoza, au mahali pa kufungia springi, au pale usukani unapofungiwa, liache, hata kama rangi yavutia na injini yaimba kama kinanda. Injini mbovu hukuacha njiani. Chasisi mbovu huweza kukuacha kaburini, wewe na abiria uliowachukua.

Wala usimdhanie kila mwenye kuuza kuwa ni mwongo. Huenda naye alilinunua kwa rangi yake, kama nilivyofanya mimi, wala hajalala chini yake hata leo. Umwonyeshe ulichokiona, kwa upole. Utakuwa umemwokoa naye pia.

Kwa ninyi ambao tayari mnayo magari, nina neno fupi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukitoka matopeni, osha chini kabla ya kuosha juu. Watoto wetu hupenda kuosha milango, lakini mlango hauli mzigo. Zibua matundu ya kasha kwa waya kila baada ya mvua. Mkulima aliyechukua mbolea, ya chumvichumvi ya dukani au ya zizini, aioshe na kuikausha siku ile ile, kwa maana mbolea hulisha mahindi lakini hula chuma. Na kila mwaka, kabla ya masika, mpe fundi fedha kidogo anyunyizie mafuta mazito ndani ya mihimili.

Sasa nimalize habari za kaka yangu. Mkopo ule aliulipa wote. Gari aliliuza vipande vipande: injini kwa mmoja, ekseli kwa mwingine, milango ya alumini kwa wa tatu, na chasisi ikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Miaka ikapita. Mwaka 2024 simu yangu ikalia, na sauti ile ile ikasema, "Mdogo wangu, nimesikia kuna Hilux inauzwa huko Umoja. Kalitazame."

Nilinyamaza kidogo. Sikudhani kama angaliniuliza tena maisha yake yote.

Nilikwenda na gunia langu na nyundo yangu. Nikalala chali mbele ya watoto, nao wakacheka sana wakisema mzee ameanguka. Mwenye gari hakukasirika, alinishikia tochi. Nikagonga kwa muda wa nusu saa. Kisha nikampigia kaka simu, nikamwambia hivi: "Nimelala chini. Mhimili wa kulia ni mzima, nimeugonga wote. Wa kushoto, juu ya ekseli ya nyuma, bisibisi imezama mahali pawili. Juu ya tangi sikuweza kufika, kwa hiyo hapo sijui." Kaka akasema, "Asante. Tuliache." Tukaliacha. Mwezi uliofuata tukapata jingine, baya wa rangi, lenye mlango mmoja wa buluu, lakini chini lililia kama kengele ya kanisa. Hilo ndilo linalochukua viazi mpaka leo.

Ndugu msomaji, mtu akikuamini kwa sababu umesoma, ujue amekukabidhi fedha zake hata kabla hujazishika. Mwambie ulichokiona, na usione haya kumwambia ambacho hukukiona. Shati langu siku ile lilichafuka kweli kweli, mgongo mzima mweusi. Mke wangu alilalamika kidogo, kisha akalifua. Sabuni haikuwa na thamani ya ng'ombe wawili.

Mwenye swali alete. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.